Mkono wa Mama Fide Begani

Mwezi uliopita nilikwenda kwenye kipaimara cha mtoto wa dada yangu. Misa ikaisha vizuri, mtoto akaja kunikumbatia, paji lake la uso likanigusa puani. Yale mafuta ya krisma. Kama hujawahi kuyanusa, ni mafuta ya zeituni yaliyotiwa manukato, na harufu yake si ya jikoni wala ya saluni. Jasho likanitoka mpaka mama mmoja pembeni akaniuliza, "Dada, una sukari nini? Nikuletee soda?" Nikamwambia sina sukari, nina miaka kumi na minne tu. Akanitazama, akahamia benchi lingine.

Miaka kumi na minne nilikuwa nayo kweli, zamani, Kibaoni, nikiwa darasa la saba naishi na bibi yangu mzaa mama. Nilikuwa mtoto wa kunong'ona. Mnaonijua sasa hivi mtacheka, maana siku hizi nikianza kuongea watu wanaangalia saa. Lakini wakati ule hata dukani sikuagiza mwenyewe. Nilikwenda na rafiki yangu Fidesi, yeye ndiye aliyesema, "Skola anataka chumvi." Mwenye duka ananiuliza, "Ya kiasi gani?" Namtazama Fide, Fide anajibu. Darasani mwalimu akiniita nisome, natazama alipokaa Fide, naye anasoma kwa sauti kama vile jina langu ni lake. Nilidhani urafiki ndio huo, mmoja anatumia mdomo na mwingine anabeba madaftari.

Fide alikuwa mrefu, miguu kama ya korongo, na alikuwa anawatazama walimu machoni. Hesabu alikuwa anazila. Mama yake, Mama Fide, alikuwa mjane mwenye shamba la mpunga kule nyuma ya Katindiuka, mbugani, mwendo wa kama saa moja na nusu kwa miguu. Mikono yake ilikuwa mizito, ya mtu anayelima kweli, na alikuwa mtu wa Kanisa, halegezi kitu. Nilimwogopa kuliko mwalimu mkuu.

Mliokulia bonde lile la mpunga mnajua mpunga ukianza kutoa maziwa hali inakuwaje. Punje bado laini, ukiibinya inatoka uji mweupe, na ndege wanaujua uji huo kuliko sisi. Kwelea kwelea wanakuja kama moshi unaoamua kugeuka. Kwa hiyo kila shamba lina dungu, kibanda cha miti kilichoinuliwa juu, na juu ya dungu lazima akae mtu kuanzia alfajiri mpaka jua lizame, anavuta kamba zenye makopo, anarusha madongo kwa teo, anapiga kelele. Kuamia ndege. Ukiteremka nusu saa tu, umekwisha.

Jumamosi moja Mama Fide alikwenda msibani Mahenge, akatuachia shamba. Agizo lilikuwa fupi. "Fide, jua likiwepo usishuke. Hata chakula kula huko huko juu." Na mimi akanitazama, "Na wewe msaidie mwenzio kupiga kelele." Kupiga kelele, mimi!

Mchana Fide akaanza kutazama jua.

"Skola, mwalimu wa hesabu anafundisha tuisheni saa tisa. Leo ni sehemu na asilimia. Nikikimbia nitarudi kabla jua halijazama."

"Mama yako alisema usishuke."

"Mama anataka dungu lisikae bila mtu. Kwani wewe si mtu?"

Swali hilo lilinipa shida, sitawadanganya. Nilikuwa bado natafuta jibu yeye ameshafika chini, viatu mkononi, anakatiza kwenye tuta.

Mwanzoni nilifanya vizuri. Nikavuta kamba, makopo yakalia. Nikarusha madongo, mengi yakaanguka chini ya dungu lenyewe lakini ndege hawakujua. Ndipo nikasikia matete upande wa mto yanavunjika. Kitu kizito. Kinapumua. Matete yakayumba, yakanyamaza, yakayumba tena karibu zaidi. Wiki hiyo hiyo watu walikuwa wanasimulia kiboko aliyekula mpunga wa watu kule chini na kumkimbiza mzee mmoja na baiskeli yake. Mimi nikaona nimebakia mimi na yeye duniani. Ukiwa na akili utabaki juu ya dungu, maana kiboko hapandi ngazi. Mimi akili zangu zilishuka kwanza, nikazifuata. Nilikimbia bila kandambili mpaka kwenye kibanda kilichoachwa shamba la tatu, nikajikunja pembeni ya kinu kibovu, nikasali sala zote ninazozijua, na nilipozimaliza nikaanza kusali meza ya kuzidisha.

Sijui nilikaa muda gani. Kilichonitoa ni ukimya. Ndege wakiwa juu ya mpunga hawapigi kelele nyingi, kuna mchakacho tu, kama mvua ndogo juu ya majani. Nilipochungulia, shamba la Mama Fide lilikuwa jeusi. Halafu shamba likanyanyuka, likaruka, likaenda zake.

Chini ya dungu alikuwepo kiboko wangu. Ng'ombe dume, mwekundu, wa wale wafugaji waliokuwa wameingia bondeni na mifugo yao. Amepotea njia. Anajikuna mgongo kwenye nguzo.

Shuke lenye mpunga huwa linainama. Yale yalikuwa yamesimama wima, shamba zima, mepesi, meupe. Fide alirudi anahema, daftari kwapani. Akachuma shuke, akalibinya. Hakikutoka kitu. Akachuma lingine.

"Ulikuwa wapi?"

"Kiboko," nikasema, nikamwonyesha kwa kidole.

Akamtazama yule ng'ombe. Ng'ombe naye akamtazama. Fide akacheka, kicheko kifupi cha ajabu, kisha akakaa chini kwenye tuta akalia na uso ndani ya daftari la hesabu.

Mama Fide alirudi Jumatatu. Mimi nilikuwa uani kwao, nimesimama nyuma ya jiko, nimejiandaa kusema. Kweli nilijiandaa. Nilikuwa na sentensi nzima mdomoni. Fide akaniwahi.

"Nililala, mama. Nilipitiwa na usingizi dunguni."

Fimbo sitaisimulia. Fimbo inaisha. Kilichoniua ni maneno aliyoyasema mama yake akiwa ameshachoka kupiga, kwa sauti ya chini kabisa.

"Mtoto anayelala juu ya chakula cha mwaka mzima, huyo akifika sekondari atafanya nini? Atalala. Shangazi yako wa Kidatu anatafuta msichana wa kumlelea mtoto. Kipaimara upate, sitaki kumwudhi Mungu. Jumatatu yake unapanda basi."

"Mama, mtihani."

"Mtihani wa nini?"

Mtihani wa darasa la saba ulikuwa umebakiza miezi michache. Asiyeufanya, shule imeishia hapo. Watoto darasani mwetu waliotegemewa kufaulu tungeweza kuwahesabu kwa mkono mmoja, na kidole cha kwanza kilikuwa Fide.

Kesho yake nikamfuata bombani. Nikamwambia, kwa kunong'ona kama kawaida yangu, nitakwenda kusema.

"Thubutu," akasema Fide. "Nani anakusimamia kipaimara?"

Kila mtoto lazima awe na msimamizi, mtu mzima anayesimama nyuma yako kanisani, mkono wake wa kuume begani kwako, askofu anapokupaka mafuta. Mama yangu alikuwa Malinyi na mume mwingine. Bibi magoti yalishakataa. Mama Fide alikuwa amejitolea mwenyewe, mbele ya padre.

"Ukisema, mama atakukataa. Utabaki peke yako mbele ya askofu kama mbuzi wa mnada. Mimi ni mwanawe, hawezi kunikataa."

"Na shule je?"

"Nitajua mwenyewe. Na akijua nilikwenda tuisheni, nitakuwa mkaidi, na kwa mama ukaidi ni mbaya kuliko uvivu. Apa hutasema."

"Fide..."

"Apa!"

Nikaapa. Nilikuwa nimezoea yeye kunisemea, basi nikaona hata kunyamaza ananinyamazia.

Sasa hapo ndipo mambo yalipoanza kunibana. Mwalimu wetu wa dini, katekista, alitufundisha kwamba askofu akishakupaka mafuta anakupiga kofi shavuni, ili ukumbuke kuwa imara katika imani. Hayo tu ndiyo aliyosema. Yaliyobaki tuliyaongeza sisi wenyewe chini ya dirisha la sakristia. Kasiani, mvulana mwenye kaka wengi na kwa hiyo mwenye taarifa nyingi, alitueleza kwamba mkono wa askofu unajua. Ukiwa umeficha dhambi, unakuwa wa moto.

"Kaka yangu alificha kwamba alikula kuku wa padre," Kasiani akasema. "Alipigwa kofi jino likaruka mpaka kwenye kwaya."

"Jino la juu au la chini?" mmoja akauliza.

"Gego!"

Mimi niliamini mpaka lile gego. Nikaanza maandalizi. Usiku nilijipiga makofi kitandani ili shavu lizoee, bibi akadhani mbu, akaniwekea mavi ya ng'ombe makavu yafuke moshi chini ya kitanda. Nilifikiria kuweka pamba ndani ya shavu. Nikafika hadi kuijaribu, lakini nilionekana kama nina jipu, na bibi alitaka kunipeleka hospitali.

Siku ya kuungama, Alhamisi, nikapiga magoti kwa padre. Nikamtajia sukari niliyolamba. Nikamtajia kumcheka kilema. Nikamtajia usingizi wakati wa rozari. Akaniuliza, "Kuna lingine, mwanangu?" Nikasema, "Nililamba sukari mara mbili." Akaniondolea dhambi za sukari, nikatoka nikiwa na dhambi mpya kubwa kuliko zote, ya kumficha padre.

Jioni hiyo hiyo Mama Fide akaniita kunipima gauni. Alikuwa ananishonea mwenyewe, kitambaa cheupe cha shuka, kwa mkono. Nimesimama juu ya kigoda, yeye amepiga magoti ananizunguka, pini zimejaa mdomoni, anaongea kwa pembeni ya midomo.

"Nyoosha mgongo. Wewe mtoto mtulivu, Skola. Mungu angenipa wewe."

Fide alikuwa pale pale, anakunja nguo zake kuziweka kwenye boksi la sabuni. La safari. Hakuinua macho.

"Wewe ungelala dunguni?" Mama Fide akaniuliza.

Pini ikanichoma ubavuni. Nikashukuru, maana nilipata sababu ya kusema "Aaa!" badala ya kujibu.

"Pole mwanangu. Umeona, hata kulia hulii. Mwenzio huyu ni mdomo tu."

Fide akaendelea kukunja. Sketi ya shule hakuiweka kwenye boksi. Aliikunja, akaiweka pembeni, akaifunua, akaikunja tena. Nikateremka kwenye kigoda yule yule niliyepanda, bubu, ila sasa nimevaa gauni.

Jumapili ikafika. Kanisa limejaa, wasiopata nafasi wako nje madirishani. Tulipangwa mistari mbele, wasichana kulia, kila mmoja na msimamizi wake nyuma. Mkono wa Mama Fide ukatua begani kwangu. Mzito, wa joto. Fide alikuwa mstari mwingine wa wasichana, anasimamiwa na jirani yao. Askofu akaanza kushuka kwenye mstari wetu, padre mmoja amebeba chombo cha mafuta pembeni yake. Nilihesabu vichwa mbele yangu. Kumi na viwili.

Kila akifika kwa mtoto, naona kiwiko cha askofu kinainuka. Kofi lenyewe silioni, mabega ya watu yameziba. Kichwa kimoja kimepona. Cha pili kimepona. Nikajiambia, hao hawakuficha kitu. Mkono wa Mama Fide ukanibinya kidogo, kunitia moyo, na kile kubinya kwa upendo ndicho kilichonivunja. Kofi lingenipata mara moja, likapoa. Mkono huu ulikuwa unamtuliza mtu asiyekuwepo.

Vichwa saba. Nikageuza shingo.

"Mama."

"Tazama mbele."

"Mama, siyo Fide."

"Nini?"

"Hakulala. Alikuwa tuisheni ya hesabu. Dunguni nilikuwepo mimi, nikakimbia."

Mstari ukasogea. Vichwa vitano. Mama mmoja nyuma akatusonya, "Nyie, misa hii."

"Ulikimbia nini?" Mama Fide akauliza. Midomo yake ilikuwa sikioni kwangu.

"Nilidhani kiboko. Kumbe ng'ombe."

Mkono ukaondoka begani.

Nawaambia, tangu siku ile nimefiwa, nimeachwa, nimeuguza, lakini sijasikia baridi kama ile ya bega lililoachwa. Sikuthubutu kugeuka. Vichwa vitatu. Viwili. Msichana wa mbele yangu akapata lake, akasogea, nikabaki uso kwa uso na kifua cha askofu na msalaba wake. Padre akatazama bega langu, akatazama nyuma yangu.

"Msimamizi wako yuko wapi?"

Ningemtazama Fide. Maisha yangu yote nilikuwa namtazama Fide. Nikasikia mtu anasema kwa sauti, nje ya mstari wakasikia, "Nimemkosea, baba. Kama hataki, nitasimama mwenyewe." Mtu huyo alikuwa mimi.

Askofu akasubiri. Kwaya ilikuwa imefika mwisho wa ubeti. Halafu mkono ukatua, siyo kama mwanzo, ulianguka kama gunia linaposhushwa kwenye lori, na vidole vikaingia kwenye mfupa.

"Nipo," akasema Mama Fide.

Kidole gumba chenye mafuta kikapita kwenye paji langu. Kisha kofi. Ndugu zangu, lile kofi lisingeua mbu. Alinigusa kama mtu anayemwondolea mtoto unga shavuni, akaenda kwa mwingine. Karibu nimwite arudie.

Nje, palipokuwa pameegeshwa baiskeli, Mama Fide akanisimamisha.

"Ng'ombe?"

"Ndiyo, mama."

"Wa rangi gani?"

"Mwekundu."

Akageuza uso ukutani, mabega yakamtikisika. Mpaka leo sijui alikuwa anacheka au analia, na sikuwahi kumuuliza. Alipogeuka, akanipa la kwake, na hilo lilikuwa ni kofi, watu wa baiskeli wakageuka.

"Hilo la mpunga." Akafuta mkono kwenye kanga. "Tuisheni ya nini?"

"Sehemu na asilimia."

"Kila Jumamosi?"

"Kila akiweza kutoroka, mama."

Akaniacha pale, akaenda kumtafuta binti yake. Walichoongea sikukisikia. Nilimwona Fide kwa mbali, gauni jeupe, ameinamisha kichwa, mama yake anaongea na kidole kimoja hewani. Baadaye tukakutana kwenye foleni ya pilau. Akapita karibu yangu na sahani.

"Uliapa," akasema. Basi.

Jumatatu asubuhi nilivaa sare, nikaenda kusimama nyuma ya kibanda cha mkaa, barabarani. Basi la kwenda Kidatu likaja, linapiga honi. Nikamwona Mama Fide anakuja, boksi la sabuni kichwani. Nyuma yake Fide, amejifunga kanga mpaka kidevuni. Nikasema nimekosa vyote, nimemkosa rafiki na basi linamchukua vilevile.

Mama Fide akampa konda boksi.

"Mpe wifi yangu. Ni kuku na vinguo vya mtoto wake. Mwambie msichana hajapatikana."

"Na huyu?" konda akamtazama Fide.

"Huyu ana mtihani."

Basi likaondoka. Fide akafungua kanga, akamkabidhi mama yake. Chini yake alikuwa na sketi ya shule. Akavuka barabara, akapita mbele ya kibanda cha mkaa, akaniona, akaendelea kutembea. Alikuwa amekasirika kweli. Nilikuwa nimemfanya mwongo mbele ya mama yake, nimemvunjia mpango wake wa kishujaa, na juu ya yote nilikuwa nimeongea bila kumwomba ruhusa.

Zamani ningemkimbilia. Ningemshika mkono, nikaomba msamaha hata wa mambo ambayo siyo yangu. Siku ile nilimfuata hatua kumi nyuma, nimebeba madaftari yangu tu, namwangalia anavyotembea na ile miguu yake mirefu kuelekea shule.

Alinuna mpaka Alhamisi. Kipindi cha hesabu akanyoosha mkono bila kunitazama.

"Nipe rula."

"Sema Skola, nipe rula," nikamwambia, na darasa zima likageuka kuona ni nani aliyeongea.